Shamba la Mama Hakuligusa

Ami Nassor, ndugu yake baba, amekufa, Mungu amrehemu akitaka Mwenyewe. Tumemzika Nizwa, huku huku Oman, alikohamia uzeeni, na siku zote za tanzia nimekaa na wanawake wenzangu kwenye sebule ya binti yake, Zuwena, nikinywa kahawa na kusikiliza jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa watu, mkono wazi, mtu aliyekwenda na wakati. Siku ya mwisho Zuwena alinijia na simu mkononi. Ati kila mmoja wetu aandike kumbukumbu yake ya marehemu, ziwekwe kwenye kundi letu la wasapu, wajukuu wasome, na iwe kwa Kiswahili kizuri maana wajukuu chao kimeshakuwa cha kuokoteza. Nilimwambia nitaandika. Nimerudi Ibra, nimeandika, na haya hayatawekwa kwenye kundi lolote. Wanasema maiti hasemwi. Mimi Ami Nassor nilimsema akiwa hai, mbele ya uso wake, na sioni kwa nini kufa kumpe daraja ambayo uhai wake haukumpa.

Nani kamzaa nani, na nani katoka Unguja kwa chombo gani, sitayaandika. Kila nyumba ya watu wetu ina hadithi hiyo na zote zinafanana. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule niliomaliza chuo cha ualimu nikarudi Ibra kwa Bibi, mama yake Ami, kusubiri kupangiwa skuli. Nyumba ya Bibi ilikuwa ndogo, yenye majlisi ya wageni iliyokuwa kubwa kuliko vyumba vyengine vyote, na kiyoyozi kilichodondosha maji juu ya taulo ambalo ilikuwa kazi yangu kulikamua. Jikoni kulinuka karafuu hata siku isiyopikwa kitu. Nyuma ya nyumba lilikuwepo shamba: mitende, midimu, na kiraka cha mchicha na bamia, kwa sababu Bibi hakuweza kukaa mahali pasipo na mchicha. Alilinunua kwa bangili zake, dhahabu ya mwisho aliyotoka nayo Unguja, na kila alipolitaja alisema "shamba langu" kwa sauti ya mtu anayebishana na mtu asiyeonekana. Kule alikuwa na mikarafuu na ikachukuliwa asubuhi moja. Hili la Ibra alisema hatoki mpaka atolewe juu ya jeneza. Mambo ya falaji, mfereji wa mji unaonywesha mashamba kwa zamu, yote alimwachia Ami, kwa sababu wazee wa falaji walisema Kiarabu cha haraka, naye Bibi Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia na cha kununulia nyama.

Ami alikaa Sur, mji wa pwani, akifanya biashara ya boti za uvuvi. Siku moja alipiga simu. "Mama, Ijumaa naja na mgeni. Mtu mkubwa serikalini, mtu wa visiwani." Bibi aliweka simu chini akakaa kitako. Kwetu neno hilo lina maana moja. Visiwani ni Unguja na Pemba. Vyengine vyote duniani ni vipande vya ardhi vilivyozungukwa na maji. Na mtu mkubwa serikalini, maana yake ni mtu wa serikali ile ile iliyomchukulia mikarafuu yake. Sijapata kumwona Bibi katika hali ile. Mara alisema hampi hata maji, mara alinituma kutafuta muhogo na makopo ya tui la nazi. Alipika siku mbili nzima: pilau, mchuzi wa papa, muhogo wa nazi, mkate wa kumimina. Alipika kwa hasira, akigonga mwiko kwenye sufuria. "Ale ashibe," alisema, "kisha n'tamuuliza mikarafuu yangu anachuma nani."

Ijumaa mlango ukafunguliwa, akaingia nyuma ya Ami mtu mnene, mweusi wa kahawia, nywele za mawimbi, shati la maua makubwa limemganda mgongoni kwa jasho. Bibi alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Masalkheri, baba. Weye wa wapi, wa Pemba?"

Yule mtu akatabasamu bila ya kuelewa. Ami alicheka. "Mama, huyu wa visiwa vyengine. Bahari ya Pasifiki huko, mbali, ukishapita Uchina na Wajapani."

"Sasa mbona ulisema wa visiwani?"

"Kwani kwao si kisiwani?"

Bibi aligeuka akaziangalia sufuria zake. Nilidhani atalia. "Basi ale," alisema. "Chakula hakiulizi pasi."

Tokea siku hiyo jina lake likawa Bwana Visiwani, na hata Ami alimwita hivyo mwishowe. Alikula muhogo wa nazi kimya kimya, akaongeza, akaongeza tena, halafu akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi pekee nyumbani ndiye niliyejua Kiingereza cha kutosha, akaniomba nimwambie Bibi kuwa bibi yake alipika hivi hivi. Bibi akamuuliza kama kwao kuna mashelisheli. Akasema yalikuwepo. Siku hizi wanakula nyama ya kopo na mchele wa kuletwa na meli, na meli ikichelewa maduka yanabaki mbao tupu. Bibi alimwonea huruma papo hapo, na mimi, nakiri, kidogo. Halafu nikamjua.

Alikuja Ibra mara nyingi mwaka ule, kila mara akikaa wiki nzima, akilala majlisini. Jina la nchi yake sitalitaja; watu wake ni wachache mno, ukimtaja mmoja umewataja wote. Aliieleza nchi yake mbele ya sinia, vidole vimejaa mchuzi, nami nikitafsiri huku Bibi amekaa mlangoni ili majirani wasipate la kusema. Ndege wa baharini walinya juu ya kisiwa kile tangu dunia kuumbwa, mavi yakawa mawe, na mawe yakawa mbolea. Wazungu walikuja wakayachimba wakaenda kulimia ngano yao. Nchi ilipopata uhuru ikaendelea kuchimba yenyewe, na kwa muda watu wake walikuwa matajiri wa kupindukia. Hawakulipa kodi. Matibabu bure, nyumba bure, magari mawili mawili kwa barabara moja inayozunguka kisiwa, ambayo ukiianza umeshaimaliza. Serikali ikanunua mahoteli katika nchi za watu na ndege zilizoruka na viti vitupu. Kisha mbolea ikesha. Katikati ya kisiwa pakabaki majabali meupe yaliyosimama kama meno, hapaoti kitu, na watu wamejibana ukingoni kwenye kamba ya ardhi. Wakaanza kuuza vilivyobaki. Waliuza bendera kwa meli za wengine, samaki wa bahari yao kwa mameli makubwa, pasi kwa watu wasiokusudia kufika, na kura yao katika mikutano ya mataifa kwa yeyote aliyewatangulia kwa chakula cha mchana. Alisema hayo akicheka, na Ami akicheka naye.

"Mla ni mla leo," Bibi alisema, "mla jana kala nini?"

Nilitafsiri, na Bwana Visiwani akaacha kucheka kidogo.

Yeye alikuwa waziri wa fedha wa nchi hiyo mpaka siku chache kabla ya kuja kwetu, mwenzake mmoja aliposimama bungeni akavuka upande wa pili na serikali ikaanguka. Ilikuwa desturi. Bunge lao lote lingeenea kwenye majlisi yetu na nafasi ya sinia ikabaki. Wote ni binamu, wote wameshawahi kuwa mawaziri, na mmoja akinuniana na mwengine kwa harusi au kiwanja, wiki ijayo kuna rais mpya. Simu yake ya mkononi, za wakati ule nzito kama tofali, ililia saa zisizo na adabu, na nilimsikia akiahidi watu mambo: wewe utapata bandari, wewe utapata ndege. Bibi aliniuliza anasema nini. Nilipomwambia alitikisa kichwa. "Serikali gani hiyo, kila Idi kanga mpya?" Lakini Ami alisikiliza simu zile mdomo wazi. Alichotaka Ami kilikuwa wazi kwa kila mtu: boti zake zipeperushe bendera ya kisiwa, apate haki ya kuvua kule na kuuza huku, na juu ya yote awe balozi wao wa heshima, na kibao cha shaba getini. Hakuwahi kufaulu kuwa mkubwa Unguja, wala hapa Oman walipoangalia vyeti. Alikuwa amepata nchi isiyouliza vyeti.

Na ili aingie alihitaji mtaji. Alianza kwa upole. Mama, shamba hili linakupa nini? Tende zenyewe unazigawa. Mama, tukiliweka rehani mwaka mmoja tu, utajengewa nyumba ya ghorofa. Mara ya tatu Bibi alinituma nikalete msahafu.

"Weka mkono."

"Mama, mambo gani haya?"

"Weka mkono, Nassor. Sema mbele ya mtoto huyu, shamba langu hutoligusa."

Aliweka. "Wallahi, Mama, shamba lako sitoligusa. Hata kuti moja."

Bibi aliubusu msahafu, akanirudishia, akauliza kama watu wanataka chai. Nilimwamini Ami. Alikuwa na kiburi na tamaa, lakini hatukuwa na mtu katika nyumba yetu aliyeapa uongo kwenye msahafu, na ukweli ni kwamba hata siku ile hakuapa uongo.

Baada ya hapo ndipo ulipokuja mlo ninaoukumbuka kuliko yote. Palikuwa na baridi ya Januari, kiyoyozi kimezimwa, na tulikuwa tunakula bokoboko. Bwana Visiwani alikuwa na huzuni ya kawaida yake, ile iliyomjia akishashiba. Akasimulia habari za babu yake. Babu alikuwa mtu mwenye akili, alisema, ila hakujua kusoma. Wageni walimwendea wakamwambia ardhi hii ni yako, ya watoto wako, hakuna atakayeigusa milele. Sisi tunataka vumbi lake tu. Babu alirudi nyumbani akicheka njia nzima. Kuna watu duniani wanalipia vumbi! Na wageni hawakumdanganya. Ardhi ilibaki yake mpaka akafa, na leo ni ya mjukuu wake, kwa jina lake. "Unaweza kwenda ukasimama juu yake," alisema Bwana Visiwani, "kama una viatu vizuri."

Nilitafsiri yote. Bibi alisema, "Masikini ya Mungu." Ami aliacha kula.

"Hebu rudia hapo," aliniambia. "Ardhi ilibaki ya nani?"

"Ya babu."

"Na wao walichukua nini?"

"Vumbi."

Akatikisa kichwa polepole, akavipangusa vidole kimoja kimoja, akaomba kahawa. Zuwena aliwahi kuniambia, miaka mingi baadaye katika ugomvi wetu, kwamba mimi ndiye niliyemtia babake wazo lile kwa ulimi wangu. Nilimwambia, na nasema tena hapa, kwamba mwizi haibi kwa sababu kasikia hadithi. Watu watatu tuliisikia usiku mmoja. Wawili tulimhurumia babu.

Kufika Machi tuliitwa Sur. Kibao kilikuwa tayari getini, kimeng'aa, na bendera ya kisiwa ilipepea juu ya ofisi ya Ami kando ya duka la vipuri vya mashine za boti. Palichinjwa mbuzi, palikuwa na halwa na wakubwa wa mji, waliouliza kwa adabu kisiwa kiko wapi na kuondoka bila ya kuelewa. Bwana Visiwani alihutubia, mimi nikatafsiri, mara akapigiwa simu katikati ya hotuba yake mwenyewe. Serikali ilikuwa imeanguka tena na safari hii imemwangukia yeye. Alitakiwa kurudi kuapishwa. Alimkumbatia Ami, akamkumbatia hata mwenye duka la vipuri. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini.

"Bendera ya nani hiyo?" aliuliza.

"Yangu, Mama. Mimi ndiye balozi."

"Hata kisiwa chenyewe hukijui."

"Si lazima kukijua. Ndiyo biashara ya siku hizi."

"Mtaji umepata wapi?"

Ami alimtazama machoni, na hilo ndilo ambalo sikumsamehe. "Shamba lako sikuligusa, Mama. Kama nilivyokuapia."

Joto likaingia. Tende zikaanza kugeuka rangi, zile za mwanzo, na ikafika zamu yetu ya maji. Kwa kawaida tulikuwa tunayasikia kabla ya kuyaona, yanakuja na majani makavu mbele yake, na Bibi alipenda kuwepo. Alifunga kanga kiunoni, tukatoka baada ya sala ya alfajiri, tukakuta mlango wetu wa mfereji umezibwa kwa udongo na matambara, na maji yanatupita yanakwenda kwa jirani. Mzee Salum, msimamizi wa falaji, alikuwa amesimama pale na fimbo yake. Bibi aliniambia nimuulize kakosea siku au vipi.

Mzee Salum alionekana kuona haya. Alisema kwa Kiarabu, nami nikatafsiri kama nilivyokuwa nikitafsiri mwaka mzima, kwamba siku ni ile ile lakini maji si yetu tena. Nassor aliyauza tokea baridi, na aliyenunua ameanza kuyachukua leo.

"Mwambie hawezi," Bibi alisema. "Shamba langu."

"Shamba ni lako, mama yangu," alijibu Mzee Salum. "Nani kasema si lako?"

Sisi ni watu wa mvua. Unguja ukinunua shamba umenunua na mawingu yake. Hakuna aliyewahi kuuliza maji ya nani. Hapa ardhi ina mwenyewe na maji yana mwenyewe, yanauzwa mbalimbali, yanarithiwa mbalimbali, na jambo hilo mtoto mdogo wa Ibra analijua kabla hajajua kuhesabu. Bibi aliishi Ibra miaka yote ile hajalijua. Siku ya kununua, Ami ndiye aliyesimama mbele ya wazee wa falaji, na maji aliyaandikisha kwa jina lake mwenyewe. Bibi aliniomba nimrudilie Mzee Salum swali, mara mbili, akidhani ni mimi ninayekosea Kiarabu. Kisha aliinama, akayagusa maji yanayopita kwa ncha za vidole, tukarudi nyumbani.

Ami alikuja siku ya pili, bendera ndogo imesimama mbele ya gari lake. Hakukana. Alikaa kwenye mto wa majlisi akasema ni jambo la muda, kisiwa kikianza kulipa atayanunua maji maradufu. Nilimwita mwizi. Alinyanyua mkono anipige, na Bibi akasema, "Ushushe." Akaushusha. Kisha akaunyoosha dirishani, kwenye mitende.

"Mama, shamba lako lile pale. Nimeligusa?"

Bibi alisema kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Miye Unguja walinichukulia watu wasionijua. Hata leo siwalaani, hawakunijua. Weye nimekuzaa."

Hayo yalikuwa maneno ya mwisho ya Kiswahili kusemwa na Bibi kwa mwanawe. Sikutambua siku ile. Nilitambua Ami alipokuja tena, akabusu mkono wa Bibi akasema, "Shikamoo, Mama," nami nikasubiri marahaba. Bibi alimjibu, "Ahlan. Tafadhal." Karibu, pita. Kiarabu kile kile cha kumwambia muuza nyama. Alimuuliza hali kwa Kiarabu, akamkaribisha kahawa kwa Kiarabu, akamuaga kwa Kiarabu, na palipokosekana neno, maana hakuwa nayo mengi, alinyamaza tu. Ami alicheka mwanzo. Kisha akakasirika, akasema mama kazeeka akili. Kisha akaanza kumbembeleza kwa maneno ya utotoni, majina ya vyakula, majina ya mitaa ya mjini Unguja, na Bibi akamsikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mgeni ambaye lugha yake huijui.

Kisiwa hakikulipa. Kabla mwaka haujesha binamu mwengine alivuka bungeni, Bwana Visiwani akaanguka, na waliokuja baada yake hawakumtambua balozi yeyote wa Sur. Ami alishusha bendera lakini jina la Balozi alilishika mpaka kufa. Hata tanzia ya juzi watu waliniambia pole kwa msiba wa Balozi. Aliingia katika biashara nyengine, akafanikiwa, na maji hakuyanunua. Midimu ilikufa kwanza. Nilipopata kazi nilikuwa naleta maji kwa gari la tangi, na mitende ikavumilia kama inavyovumilia, ikizaa tende ndogo, ngumu, ambazo Bibi aliendelea kuwagawia majirani.

Aliugua baada ya miaka michache. Hospitali ya Ibra walitupa chumba chenye dirisha la upande wa mlima, na nilikaa naye, tukizungumza mambo ya kipuuzi, nani alioa nani, mchuzi gani unataka ndimu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka mwisho. Ami aliingia mchana mmoja na nusu ya ukoo nyuma yake ukisubiri barazani. Alipiga magoti, akamshika mkono, akalia machozi ya kweli, hilo simnyimi.

"Mama, nisamehe."

Bibi alimtazama. "Allah yisamhak," alisema.

Mungu akusamehe. Kisha akageuza uso dirishani. Ami alitoka barazani akipangusa macho, akawaambia watu wote kuwa mama amemsamehe, na watu wakamshukuru Mungu, wakakumbatiana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mkalimani wa nyumba ile, na hakuna aliyeniuliza Bibi kasema nini, wala kwa lugha gani.